Mtoto akishindwa kusoma darasani: namna ya kuanza naye nyumbani

Mimi nauza viazi hapa Uyole, Mbeya, si mwalimu. Mwanangu wa pili alifika darasa la tatu hajui kuunganisha silabi. Darasa lao limejaa, na akiitwa ubaoni alikuwa analia. Sasa anasoma. Mzazi mwenzangu, fanya hivi.

Kwanza mpeleke akapimwe macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao vizuri huitwa mvivu bure.

Pili, usimtoe shule. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Kama ameshakaa nje miaka kadhaa, muulize Afisa Elimu Kata kuhusu MEMKWA, mpango wa watoto walioikosa elimu ya msingi.

Sasa kazi yenyewe. Rudi nyuma kabisa, kwenye irabu, hata kama umri wake umekwenda. Kata vikadi kutoka kwenye boksi la sabuni, uandike a, e, i, o, u kwa mwandiko mkubwa wa kusomeka. Zikikaa kichwani, chukua m: ma, me, mi, mo, mu. Hapo hapo mwache aunganishe vikadi kwa mkono wake: mama, mimi. Ongeza l, apate lala, lima, mali. Ongeza k, apate kuku, kaka. Neno alilolijenga mwenyewe halisahau kirahisi. Ukishafundisha b, d iache mbali kwanza, kwa sababu watoto wengi huzichanganya. Mb, nd, ch na ng' zingoje hadi silabi nyepesi ziwe zinamtoka bila kufikiri.

Akianza kusoma sentensi, toboa kidirisha kwenye kipande cha boksi, akisogeze juu ya mstari aone neno moja tu. Wangu alikuwa anaruka mistari. Kidirisha hiki kilimtuliza mno. Akikosea, usimkaripie wala usimkatize. Ngoja amalize, kisha rudini kwenye lile neno.

Dakika ishirini zinatosha, saa ile ile kila siku. Mwezi wa saba baridi ya huku inauma, sisi tulikaa jikoni kwenye joto baada ya kula. Akichoka, funga. Ukimlazimisha, kesho atakukimbia.

Hesabu nilimfundishia gengeni. Mteja kachukua sado mbili za viazi kwa elfu sita, katoa elfu kumi, mrudishie ngapi? Mwache ahesabu noti mwenyewe, hata kama mteja ana haraka. Wateja wangu walimvumilia, Mungu awabariki.

Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa simu ya mtu mmoja mnaweza kusoma majirani kadhaa.

Baada ya muda, nenda na daftari lake kwa mwalimu wa darasa. Muamkie, muoneshe alipofika, kisha umwombe ampe asome mbele ya wenzake aya ambayo mmeshaisoma nyumbani, si mpya.