SOMO: Kupima Kijapani cha mwanafunzi wa sekondari ya juu, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam.

Huku Japani mwaka wa masomo huanza mwezi wa nne, na kila mwezi wa nne meseji ni zilezile: "Mwalimu, nimeletewa mwanafunzi mgeni, Kijapani chake nakipimaje?" Nimejibu mpaka vidole vimeota sugu. Sasa naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrushia uzi huu bila hata salamu.

Hii ni kwa wanaofundisha au kusaidia vijana wa miaka 15 hadi 18 ambao Kijapani ni lugha yao ya pili, na wanatakiwa kusoma hisabati, historia na sayansi kwa Kijapani hichohicho. Mtu anayejifunza ili aagize chakula safarini hapimwi hivi.

Tangu Aprili 2023 sekondari za juu zinaruhusiwa rasmi kuingiza mafunzo ya Kijapani ndani ya ratiba ya mwanafunzi anayeyahitaji, na krediti hadi 21 zinahesabika katika zile 74 za kuhitimu. Shule za msingi na sekondari za chini zilikuwa na utaratibu wao tangu 2014. Kwa hiyo ukimpima ovyo, unamnyima krediti ambazo ni haki yake au unamjazia vipindi asivyovihitaji. Na ana miaka mitatu tu.

Hatua ya 1: Historia yake. Aliingia Japani akiwa na umri gani, kwao alifika darasa la ngapi, alisoma kwa lugha gani. Kaa na mzazi na mkalimani. Mwanafunzi asiwe mkalimani wa mzazi wake.

Hatua ya 2: Kana, yaani herufi za sauti za Kijapani, seti mbili: hiragana na katakana. Maneno kumi ya hiragana, kumi ya katakana, asome kwa sauti. Akichanganya zinazofanana sura, シ (shi) na ツ (tsu), au ソ (so) na ン (n), andika, songa mbele.

Hatua ya 3: Msamiati kwa picha. DLA, kipimo cha Wizara ya Elimu ya Japani kilichotoka 2014, kina zoezi la maneno 55 ya picha. Kililengwa shule za msingi na sekondari za chini, kwa hiyo kwa wakubwa mimi huongeza picha zangu: mizani, grafu, ramani ya mvua, mzunguko wa damu.

Hatua ya 4: Mazungumzo. Tulia hapa. Ndipo nilipoangukia pua.

Mwaka wangu wa pili nililetewa binti wa miaka 16, ameishi Japani miaka miwili. Tukakaa dakika 12. Anacheka, anaitikia kwa wakati wake, "un, un" (ee, ee), "maji de?" (kweli?), "yabai" (noma), "bimyō" (hivihivi tu). Nikaandika: mazungumzo safi, aende darasa la kawaida. Wiki ya tatu mwalimu wa sayansi akanifuata: huyu uliyesema anajua Kijapani, mbona darasani anakaa kama sanamu?

Nikairudia sauti niliyorekodi, saa mkononi. Katika dakika 12, yeye alizungumza chini ya 2. Zilizobaki zote zangu. Nauliza jana alifanya nini, anasema "Kinō wa... chotto..." (jana... kidogo...), mimi huyo naruka: "Aa, ulikuwa umechoka?" "Un, sō sō" (ee, ndiyo ndiyo). Sentensi ndefu kuliko zote aliyoimaliza mwenyewe ilikuwa na maneno manne. Nilikuwa nimejipima mimi. Tulimrudisha kwenye vipindi vya Kijapani, lakini muhula wa kwanza ulikuwa umeshakwenda na maji.

Kijapani chenyewe kinakutega. Kuiacha sentensi ikining'inia ni adabu, na msikilizaji ndiye anayeijaza. Kuitikia mwenzako katikati ya maneno yake, wanaita aizuchi, ni sehemu kubwa ya maongezi. Kijana mwenye sikio jepesi hayo ndiyo anayoyashika kwanza, na akishayashika utadhani amezaliwa hapo. Jim Cummins wa Kanada ameieleza tofauti hii miaka mingi: lugha ya kupiga soga hushikwa kwa mwaka mmoja au miwili, ya masomo huchukua mitano na kuendelea.

Kwa hiyo, ONYO:
- Ukiuliza, funga mdomo. Hesabu moyoni hadi kumi. Kumi ni ndefu, utatamani kusema kitu. Usiseme.
- Maswali ya kujibiwa "hai" (ndiyo) au "iie" (hapana) yaache kwenye kujuliana hali.
- Mpe jambo la kueleza lenye mwanzo na mwisho: maji yanavyokuwa wingu na kurudi kama mvua, au sheria za mchezo aupendao akimweleza asiyeujua kabisa.
- Rekodi kwa ruhusa yake na ya mzazi, kisha pima dakika zake na zako. Ukimzidi, rudia siku nyingine.
- Usimsahihishe katikati. Ukimkata mara mbili atakupa majibu ya neno mojamoja mpaka kengele ilie.

Hatua ya 5: Kusoma mara tatu. Chukua aya moja ya kitabu cha somo analosoma kweli. Kwanza asome bila furigana, yaani zile kana ndogo zinazoonyesha matamshi ya kanji (herufi za maana zilizotoka China), akueleze alichoelewa. Kisha aya ileile yenye furigana juu ya kanji. Mwisho msomee wewe, yeye asikilize tu. Akielewa palipowekwa furigana, shida ni kanji. Akielewa kwa kusikia tu, shida ni kusoma kwenyewe. Asipoelewa hata ukimsomea, tatizo ni msamiati au somo lenyewe, na hapo muulize jambo hilohilo kwa lugha ya kwao. Wengi mtashangaa: usanisinuru anaujua vizuri sana, asichokijua ni kwamba unaitwa kōgōsei.

Hatua ya 6: Kuandika. Kwa mkono, karatasi ya miraba 400, bila simu. Simu inambadilishia kana kuwa kanji, halafu unaisifu simu. Usianze na kalamu nyekundu. Tazama kwanza kama anaunganisha mawazo kwa node (kwa sababu), noni (ingawa), tara (ikiwa), au kila sentensi ni "soshite... soshite..." (halafu... halafu...) kama mtu anayehamisha matofali mojamoja. Kisha ndio uje kwenye vitenzi. Kosa linalojirudia sana ni "doa ga akemashita". Sisi tuna bahati, tunalielewa upesi: akeru ni kufungua, aku ni kufunguka. Ameandika "mlango ulifungua".

Hatua ya 7: Lugha ya mtihani. Wengi wanairuka. Karatasi za mtihani zina amri ambazo hakuna anayezitumia mtaani: motomeyo (tafuta), nobeyo (eleza), erabe (chagua). Halafu kuna "tadashikunai mono o erabe", chagua lisilo sahihi, ambalo limezamisha watu wanaojua jibu. Mpe swali moja la hesabu kwa sura mbili, alama tupu na maneno. Nilimpa kijana mmoja namba kamili kuanzia "3 ijō" hadi "7 miman". Akaandika 4, 5, 6. Ijō inaichukua na 3 yenyewe, miman haiichukui 7, jibu ni 3, 4, 5, 6. Nilipomwandikia kwa alama za hesabu alipata bila kufikiri.

Hatua ya 8: Ripoti. DLA inakwenda na ngazi sita, zitumie, lakini chini ya namba andika sentensi. "Ngazi ya 3" pekee haimsaidii mwalimu wa historia. Hii inamsaidia: "Anaeleza hatua zote za jaribio akiwa na picha; bila picha anakwama ya pili. Aya yenye furigana anaielewa."

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

BabaJunia: Mkuu asante, sijasoma yote ila nauliza, si umwambie tu afanye JLPT, ule mtihani wa kimataifa wa Kijapani? Akipata N2, ngazi ya pili kutoka juu, mambo yameisha.

Mwandishi: JLPT haina kuzungumza wala kuandika. Ni kuchagua majibu. Soma hatua ya 4 na ya 6.

BabaJunia: Lakini N2 ni kubwa mkuu.

Mwandishi: N2 unafaulu kwa 90 kati ya 180, na kila sehemu usishuke chini ya 19 kati ya 60. Ni mtihani mzuri kwa kazi yake. Hautakwambia kama mtoto anaweza kueleza jaribio la kemia. Mwenye cheti namheshimu, na bado namkalisha chini.

Nyota_ya_Asubuhi: Mwalimu, swali. Nimesoma kwamba kwenye DLA mpimaji anaruhusiwa kumsaidia mtoto wakati wa kupima. Sasa wewe unasema funga mdomo. Nifuate lipi?

Mwandishi: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Yote mawili. DLA ni upimaji wa mazungumzo kweli, nia yake ni kuona mtoto anafika wapi peke yake na anafika wapi akishikwa mkono. Ila kusaidia si kumalizia. Subiri kwanza. Akikwama, mpe msaada mdogo kabisa: onyesha picha kwa kidole. Bado? Rudia neno lake la mwisho kwa sauti ya kuuliza. Bado? Mpe neno moja, yeye ajenge sentensi. Na kila msaada uandike pembeni. Mimi nina alama tatu: K kidole, R kurudia, N neno. Ukimaliza, hesabu. Mwenye K tano na mwenye N tano wanaweza kuwa na jibu lilelile kwenye karatasi, lakini ni watoto wawili tofauti kabisa. Mimi siku ile sikumsaidia binti, nilimwibia zamu yake.

Nyota_ya_Asubuhi: Nimeelewa sana. Hizo K, R, N naziiba.

Mwandishi: Chukua.

mzee_wa_kanji: Nina vijana wawili kutoka China, hatua ya 5 wanafaulu bila furigana, lakini darasani hoi. Kipimo chako kimekosea?

Mwandishi: Hakijakosea, kinahitaji nyongeza, na ni kweli sikuiandika. Kwa anayetoka kwenye kanji, waambie wasome kwa sauti, kisha wasikilize aya nyingine bila karatasi. Macho yao yanaelewa, masikio bado. Halafu weka mitego ya maneno yenye sura moja na maana mbili. 手紙 kwa Kijapani ni barua, kwa Kichina ni karatasi ya chooni. Na kinachowaangusha zaidi ni vile vineno vidogo vya kana vinavyoonyesha nani kafanya nini na wapi: wa, ga, o, ni, de. Wanaviruka, wanaunga kanji kwa kukisia, na sentensi yenye "haikufanyika" wanaisoma "ilifanyika", maana kukanusha Kijapani kunakaa mkiani na kumeandikwa kwa kana.

mzee_wa_kanji: Duh. Ndicho hichohicho wanachofanya.

Kasuku2: Kanji ngapi ndio anahesabika anajua? Nipe namba.

Mwandishi: Za matumizi ya kawaida ni 2,136, shule ya msingi inafundisha 1,026. Usimpime kwa kuhesabu. Hatua ya 5.

Kasuku2: Sasa kama siwezi kuhesabu nitajuaje?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mama_Wawili: Samahani mwalimu, mimi naona mnawaonea. Mtoto anaongea vizuri na wenzake, wewe unamrudisha nyuma kwa sababu hakueleza mawingu. Anavunjika moyo.

Mwandishi: Sijamrudisha mtu darasa. Vipindi vya Kijapani vina krediti, nimeandika juu pale. Na anayevunjika moyo zaidi ni yule anayekaa darasani muhula mzima haelewi huku wote wakidhani anaelewa. Nimemwona.

Mwandishi: Ngoja, nimejibu kwa ukali, samahani mama. Una hoja kwenye namna ya kumwambia. Mimi huanza na alichoweza, namchezesha sauti yake mwenyewe akieleza vizuri, ndipo tunaongea habari ya vipindi. Na urafiki wake na wenzake uandikwe kwenye ripoti, ni nguvu kubwa.

Mama_Wawili: Hapo sawa.

fundi_sarufi: Kama nyongeza tu: vitenzi virefu vya Kijapani visiwatishe wanetu. "Tabesaseraretakunakatta", sikutaka kulishwa kwa lazima. Anayezungumza Kiswahili ameshazoea kubebesha kitenzi mizigo, wao wameipanga nyuma tu.

Mwandishi: Kweli. Na irabu zao ni tano kama zetu. Ila urefu wa sauti pimeni: obasan ni shangazi, obāsan ni bibi. Nilimwita mke wa jirani bibi mwezi mzima.

Nyota_ya_Asubuhi: 😂 Mwalimu, la mwisho. Mnakaaje wakati wa kupima? Wangu ananitazama kama yuko polisi.

Mwandishi: Usikae mkabala naye. Kaeni kwenye kona ya meza, picha katikati yenu, wote mnatazama picha. Kinasa sauti kiwe kinaonekana lakini pembeni, na mwache yeye abonyeze kitufe cha kuanza. Na mlango usiufunge wote.