Mtoto akimeza chakula kinagoma kushuka, fanya hivi

Wazazi wenzangu wa Mbeya na Rungwe, hili naliandika kwa uchungu maana wa kwangu tulimzungusha karibia mwaka mzima tukijua ni kimeo, akakatwa mtaani na hali ikabaki ile ile. Kimeo hakihusiani kabisa na chakula kukwama kifuani, na kukikata kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi, msifanye jamani.

Anza kwa kumwangalia anavyokula. Wangu alikuwa anamega tonge dogo, anatafuna weee, halafu lazima ashushie na kikombe cha maji, anasimama, ananyoosha shingo, anagonga gonga kifua mpaka lipite. Asubuhi mto wake una maharage ya jana mazima, na wala hayanuki uchachu kama matapishi, maana hata tumboni hayakufika. Mrekodi kwa simu akila, daktari akiona video anaelewa haraka. Na umwambie kilianza kugoma nini, kama maji na ugali vyote viligoma tangu mwanzo mara nyingi ni akalasia, yaani mlango wa chini wa umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) haulegei, ila kama vilianza vigumu ndo baadaye ikafuata uji, umio unaweza kuwa umesinyaa kwa kovu, na kama aliwahi kunywa kostiki soda ya kutengenezea sabuni sema tu usione aibu. (Akiinywa leo usimtapishe, hiyo inaunguza mara ya pili ikipanda, kimbia hospitali.)

Hospitali omba rufaa ya vipimo viwili. Eksirei ya kunywa dawa nyeupe, kwenye akalasia umio unaonekana umetanuka juu halafu chini umechongoka kama mdomo wa ndege. Kisha kamera, mpira mwembamba wenye taa unaopitia mdomoni mtoto akiwa nusu kaputi.

Kama ni kovu, ulizia puto kabla hujakubali kupasuliwa kifua. Linaingizwa likiwa limenywea, likifika penye wembamba linajazwa kwa muda mfupi, linatolewa, hakuna mshono. Ila linarudiwa, mara nyingi baada ya wiki mbili tatu, na watoto wa kostiki wanaweza kwenda mara nyingi sana kwa hiyo panga nauli na pa kufikia mapema, ukiruka tarehe kovu linabana tena.

Akalasia nayo puto linasaidia lakini hali huwa inarudi, ndo maana wengi wanakatiwa ule msuli uliokaza. Njia ya Heller, Mjerumani aliyeianza 1913, siku hizi inafanyika kwa matundu madogo tumboni. Nyingine inaitwa POEM, Haruhiro Inoue wa Japani aliifanya kwa mgonjwa wa kwanza 2008, yote inapitia mdomoni, nje hakuna kidonda. Muulize daktari ipi ipo karibu na nani ameshaifanya kwa watoto, ni haki yako kabisa.

Sasa hapa kwenye kufunga ndo tulikwama sisi. Kawaida ni masaa 6 bila chakula, 4 kwa maziwa ya mama, 2 kwa maji matupu, tukafuata vizuri tu, tumesafiri usiku kucha kutoka Tukuyu, kufika tukaahirishwa kwa sababu umio ulikuwa bado umejaa makande ya juzi, na mtoto akiwa usingizini hayo yanaingia mapafuni. Kwa hiyo mwenye akalasia uliza mapema, anaweza kuhitaji vimiminika tu kuanzia siku moja au zaidi kabla, na mtu wa nusu kaputi aambiwe.

Baadaye akiruhusiwa anza na maji kidogo kidogo, uji mwepesi, kisha parachichi la kuponda, hilo kwetu halikosekani. Mlaze kichwa kikiwa juu. Akilalamika kifua kinauma sana, akipata homa, akihema kwa shida, au shingo ikivimba na ukiibonyeza inalia kama karatasi, umio unaweza kuwa umetoboka, usimpe hata maji, mrudishe usiku huo huo.