GIMP ikikorofisha: irudishe kwenye mipangilio ya awali

GIMP, programu ya kuhariri picha, ikikorofisha, kuiondoa na kuisakinisha upya huwa ni kazi bure. Mipangilio yake imekaa kwenye folda ya mtumiaji, na ukisakinisha upya folda hiyo haiguswi, kwa hiyo ugonjwa unarudi vilevile.

Anza na madogo. Paneli zote zimetoweka ghafla? Bonyeza Tab, ndiyo inayozificha na kuzirudisha. Brashi haichori? Bonyeza Ctrl+Shift+A. Mara nyingi kuna kieneo kilichochaguliwa pembeni mwa picha, na GIMP haichori nje ya hapo. Ikiwa zana moja tu ndiyo inayoleta visa, fungua Tool Options (paneli ya mipangilio ya zana) ubofye kitufe cha mwisho upande wa chini kulia. Ukibofya huku umeshikilia Shift, zana zote zinarudi zilivyokuwa.

Madirisha yakivurugika, nenda Edit > Preferences > Interface > Window Management, bofya Reset Saved Window Positions to Default Values, kisha ufunge programu na kuifungua tena.

Hayo yakishindikana, weka upya kila kitu. Kwanza funga GIMP kabisa, maana inapofungwa huandika upya baadhi ya mafaili hayo. Kwenye Windows bonyeza Win+R, andika %APPDATA%\GIMP, kisha Enter. Kwenye Linux ni ~/.config/GIMP. Utakuta folda yenye namba ya toleo, tuseme 2.10 au 3.0. Usiifute, ibadilishe jina iwe 3.0-zamani. Hapa wengi hunasa: folda ya 2.10 ikiwa bado ipo, GIMP 3.0 itachota mipangilio humo, pamoja na kasoro zake. Zibadilishe majina zote mbili.

Ukiifungua sasa, itajitengenezea folda mpya. Vitu vyako virudishe kidogo kidogo kutoka folda ya zamani: brushes, kisha palettes, kisha gradients, na plug-ins (programu-jalizi, yaani nyongeza za GIMP) iwe ya mwisho. Fungua GIMP kila baada ya hatua. Ikianguka baada ya plug-ins, mkosaji ni programu-jalizi mojawapo. Zijaribu moja moja. Mafaili ya gimprc, sessionrc na toolrc, ambayo ndiyo yenye mipangilio, yaache hukohuko kwenye folda ya zamani.

Mara ya kwanza inaweza kuchelewa kufunguka kwa kuwa inasoma programu-jalizi zote upya. Usiikatize.