Jinsi ya kuomba kipimo cha bakteria wa anaerobiki ukiwa Malindi

Jipu la tumboni au kidonda cha kisukari chenye harufu kali mara nyingi huwa na bakteria wasiostahimili oksijeni, ndio anaerobiki, na daktari anahitaji kujua ni dawa gani bado inawaua. Fomu na malipo mnayajua. Kinachowaangusha watu ni sampuli.

Usaha wa mzee wetu ulichukuliwa kwa kijiti cha pamba, ukalazwa kwenye friji, asubuhi ukapelekwa Mombasa. Jibu: hakuna kilichoota, yaani hakuna bakteria waliokua maabara. Tukalipa upya huku jipu likizidi kujaa, na jambo hilo lilinisikitisha sana, maana bakteria hawa hewa huwaua, na baridi pia huwadhuru.

Kwa hiyo nenda maabara kabla usaha haujatolewa. Uliza: mnaotesha anaerobiki hapa, au mnatuma? Gari linaondoka saa ngapi? Sampuli itolewe karibu na saa hiyo. Kisha mwombe daktari kwa heshima: "Daktari, tunaomba usaha uvutwe kwa bomba la sindano, si kwa kijiti." Hewa isukumwe nje ya bomba, sindano itolewe, bomba lifunikwe vizuri. Friji, hapana; likae kwenye joto la kawaida la chumba. Usaha ulio ndani ya bomba ufike maabara kwa takriban dakika 30. Mombasa ni kama kilomita 120, kwa hiyo safari hiyo inataka chupa maalum ya kusafirishia isiyo na oksijeni. Ndugu wa Lamu, mnaoanza na boti ya Mokowe, msikubali kuondoka bila chupa hiyo.

Kwenye fomu daktari aandike wazi "anaerobiki", usaha umetoka wapi, na dawa alizokwisha kutumia mgonjwa. Aombe dawa ya metronidazoli ipimwe. Dawa ya jentamaisini haina haja ya kupimwa hapa, kwani haiwadhuru bakteria hawa. Sampuli ikitangulia dozi ya kwanza ni bora, lakini mgonjwa aliyezidiwa apewe dawa mara moja.

Kuota peke yake huchukua angalau saa 48, kisha ndipo dawa zijaribiwe, kwa hiyo matibabu na kulikamua jipu visingoje jibu. Jibu likisema hakuna kilichoota, uliza darubini iliona nini. Kama iliona bakteria na hawakuota, mwambie daktari siku hiyo hiyo, kwani huenda ni hawa hawa waliokufa njiani.