Jinsi ya kuitunza baiskeli ya mazoezi isiliwe na jasho

Baiskeli nyingi za mazoezi ninazoitwa kutengeneza hapa Dar es Salaam hazikuchoshwa na mwenye kuziendesha. Zimeliwa na jasho. Jasho lina chumvi, na mtu akinyonga dakika 40 chumbani bila feni, linamdondokea palepale kila siku: kwenye mhimili wa usukani, kwenye bomba la kiti, kwenye gurudumu zito la mbele. Ongeza hewa ya bahari ambayo hata bawaba za mlango haiziachi, utaelewa kwa nini mashine ya miaka miwili inaonekana imeokotwa ufukweni.

Adui wa pili ni nati iliyolegea ikaachwa. Mengine yote yanafuata nyuma ya hayo mawili.

Vifaa: spana ya namba 15 iliyo nyembamba, spana ya boksi ya 14, seti ya alenki (zile spana zenye umbo la L, hasa 5, 6 na 8), grisi kidogo, mafuta ya cherehani au silikoni ya kupuliza, mswaki wa zamani, na matambara ya pamba. Fulana iliyochakaa inatosha.

Hatua ya 1: Jua uliyonayo

Kabla hujapaka mafuta mahali popote, jibu maswali mawili. Inavutwa kwa cheni au kwa mkanda? Na inakazwa kwa padi au kwa sumaku?

La kwanza ni rahisi: chungulia chini ya kava. La pili, zungusha kile kitasa cha kuongeza uzito huku ukitazama gurudumu. Ukiona kipande cha sufi au ngozi kinashuka na kuligusa, hiyo ni padi. Ukiona kitu kinasogea karibu na gurudumu bila kuligusa, hiyo ni sumaku. Ya sumaku haipakwi mafuta kabisa kwenye eneo hilo, na mkanda haupakwi mafuta hata siku moja. Nimewahi kukuta mkanda umepakwa mafuta ya kupikia "ili usilie". Haukulia tena, lakini pia haukuvuta: mtu ananyonga, gurudumu limesimama.

Hatua ya 2: Futa kila ukishuka

Kazi hii huchukua dakika mbili. Chukua tambara lenye unyevu, anza juu ushuke chini: usukani, skrini, kitasa, mhimili wa usukani, kiti, bomba la kiti, fremu, halafu miguu ya mashine. Malizia na tambara kavu. Mahali wanaposahau wengi ni chini ya usukani, upande usioonekana. Jasho hutiririka kwenye mkono, likafika kwenye kishikio, likazunguka upande wa chini na kuning'inia pale. Pitisha kidole chini ya usukani wako sasa hivi. Ukihisi chembe kama mchanga, hiyo ni chumvi.

Mara moja kwa wiki tumia maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Loweka tambara, likamue, ndipo ufute. Usiipulizie mashine moja kwa moja, maji yataingia kwenye beringi na kwenye skrini. Jiki iache bafuni. Inaharakisha kutu na kupausha plastiki. Petroli na tina (ile ya kuchanganyia rangi) pia hapana. Kama baiskeli yako inatumia umeme wa ukutani, chomoa kwanza.

Weka taulo juu ya usukani wakati unanyonga, ila ukimaliza ondoka nalo. Taulo bichi likiachwa kwenye mashine hadi kesho yake ni sawa na kuiogesha usiku kucha. Na feni ielekezwe kwako: jasho linalokauka mwilini halifiki kwenye chuma.

Hatua ya 3: Chomoa mabomba ya kiti na usukani

Hii ifanye kila mwezi, hata kama unaitumia peke yako na hujawahi kubadilisha urefu. Hasa kama hujawahi kubadilisha.

Kuna nyumba moja Upanga niliitwa kwa sababu binti alirudi likizo akataka kushusha kiti, kikagoma. Baba mtu alikuwa akiitumia mwaka mzima kwa urefu uleule. Jasho lilikuwa likishuka na bomba taratibu, likajikusanya pale bomba linapoingia kwenye fremu, chumvi na kutu vikashikana vikawa kama saruji. Tulipulizia dawa ya kutu, tukaiacha ilale, asubuhi watu wawili tukashika kiti na kukizungusha kushoto na kulia mpaka kikatoka. Ndani ulimwagika unga mwekundu kama ubuyu.

Kwa hiyo: legeza kitasa, kivute, inua bomba mpaka litoke lote. Lifute, futa na mdomo wa fremu kwa ndani. Paka grisi nyembamba kwa kidole, kiasi cha kung'aa tu. Ikizidi itanasa vumbi. Kabla ya kulirudisha tafuta alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba, mara nyingi ni mstari au neno lililogongwa. Alama hiyo isionekane nje ukishapanga urefu wako. Halafu hakikisha pini ya kitasa imeingia kwenye tundu kabla ya kukaza. Utasikia "tak". Usiposikia, usipande.

Usukani nao ni hivyohivyo.

Hatua ya 4: Pedeli na kranki

Hapa ndipo pesa hupotea, basi twende polepole.

Pedeli ya kulia ina uzi (ile mizunguko iliyochongwa kama ya skrubu) wa kawaida. Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume. Imetengenezwa hivyo makusudi, isijifungue yenyewe unaponyonga. Nilipoanza kazi hii sikujua. Nilishika pedeli ya kushoto, nikaigeuza upande niliozoea, ikagoma, nikaongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu. Nilikuwa naikaza. Uzi wa kranki, ule mkono unaobeba pedeli, uling'oka wote na kranki mpya nikainunua kwa pesa yangu.

Njia isiyokosea ni hii: simamisha spana ielekee juu, upande wowote wa baiskeli. Ukiisukuma kuelekea mbele, unakaza. Ukiivuta kuelekea nyuma, unalegeza. Kulia na kushoto ni sawa. Mbele kaza, nyuma legeza.

Kila mwezi kaza pedeli zote mbili kwa spana ya 15. Ukiwa unafunga mpya, paka grisi kwenye uzi, angalia herufi ya kulia na kushoto iliyogongwa kwenye ncha ya ekseli, yaani mhimili wa pedeli (R ni kulia, L ni kushoto), kisha anza kwa vidole. Pedeli iingie kwa vidole mizunguko kadhaa bila kubisha. Ikibisha mapema, umeiingiza ikiwa imepinda. Toa, anza upya.

Sasa kranki yenyewe. Kwenye baiskeli zetu za zamani za barabarani ulishikwa na kotapini, ukilegea unagongelea nyundo. Hapa hakuna kotapini. Mara nyingi kuna tundu la pembe nne linalokaa kwenye ekseli, na nati au bolti inayolibana, imefichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Ng'oa kifuniko kwa bisibisi, utakuta inataka boksi ya 14 au alenki ya 8. Ikaze vizuri, kwa nguvu ya mkono mzima na si ya vidole. Baiskeli mpya ikazwe baada ya wiki ya kwanza ya matumizi, kwa sababu chuma hujipanga na nati hubaki imelegea.

Ukiacha kranki ikicheza, lile tundu la pembe nne linakuwa la mviringo. Likishafika hapo hakuna kukaza kutakakosaidia, hata kuweka kipande cha kopo katikati kama wafanyavyo wengine. Ni kranki nyingine tu.

Hatua ya 5: Mlio unatoka wapi?

Simu ninazopigiwa zaidi ni za namna hii.

"Fundi, baiskeli inalia."

"Inalia vipi, mama?"

"Inalia tu. Ka, ka, ka."

"Ukisimama juu ya pedeli bado inalia?"

Kimya kidogo, nasikia anapanda. "Hailii."

"Basi ni kiti. Kaza nati mbili chini ya kiti, kushoto na kulia sawasawa."

Ndiyo mbinu yenyewe. Inuka kwenye kiti: mlio ukipotea ni kiti au bomba lake. Ukibaki, nyonga kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Mlio wa mara moja kila mzunguko, mguu ukiwa palepale, ni pedeli au kranki ya upande huo. Toa mikono kwenye usukani: ukinyamaza, kaza usukani. Mlio unaoendelea mfululizo, unaopanda na mwendo, unatoka kwenye gurudumu, mkanda au beringi. Na kabla ya yote hayo, itikise mashine ikiwa imesimama. Ikiyumba juu ya vigae, zungusha vile viguu vya mpira mpaka vyote vinne viguse sakafu. Nimeshalipwa nauli ya kwenda na kurudi kwa kuzungusha kiguu kimoja.

Hatua ya 6: Padi, cheni, mkanda

Onyo kwanza. Kwenye baiskeli nyingi za aina ya spini (zile za madarasa ya gym) gurudumu halijiachii: ukiacha kunyonga, pedeli zinaendelea kuzunguka. Gurudumu la kilo 20 halisimami kwa sababu kidole kimeingia kwenye cheni. Watoto wawe mbali, kava lifunguliwe gurudumu likiwa limetulia kabisa, na usifute cheni huku mtu mwingine anazungusha.

Padi ya sufi ikikauka hulia na kunuka kama kitu kinachoungua. Puliza silikoni kidogo kwenye padi yenyewe, au dondosha matone machache ya mafuta ya cherehani, zungusha pedeli taratibu ili isambae, futa kilichozidi kwenye gurudumu. Mafuta ya kupikia hapana, yanageuka gundi. Padi ikiwa nyembamba kiasi cha chuma chake kukaribia gurudumu, ibadilishe kabla haijachora mifereji.

Cheni: isukume kwa kidole katikati, icheze kama sentimita 1. Ikining'inia zaidi, legeza nati za ekseli ya gurudumu pande zote mbili, kisha zungusha bolti za kuvuta nusu mzunguko kila upande kwa zamu, gurudumu lisikae upande. Isugue kwa mswaki mkavu, dondosha mafuta kwa ndani, zungusha, halafu futa mpaka tambara lisitoke jeusi sana. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu si mafuta ya cheni. Inasafisha, kisha inapotea.

Mkanda uache ulivyo. Tazama tu kama una nyufa, au kama kuna unga mweusi ndani ya kava. Ukiteleza unaponyonga kwa nguvu, unahitaji kuvutwa au kubadilishwa.

Hatua ya 7: Skrini

Ikizima au ikionyesha sifuri, badilisha betri kabla ya kumpigia mtu. Bado? Kuna sumaku ndogo kwenye gurudumu au kranki na kihisi kando yake. Kikigongwa na kusogea mbali, hakisomi. Kirudishe karibu, milimita chache, bila kugusana. Ukisafiri zaidi ya mwezi, toa betri. Zikivuja zinakula vile vibati vya ndani.

Hatua ya 8: Beringi

Hii mwachie fundi, lakini kipimo unaweza kukifanya mwenyewe. Hakikisha kranki zimekazwa. Shika kranki zote mbili, moja kila mkono, zisukume na kuzivuta kuelekea ubavuni mwa mashine, si kwa kuzungusha. Zikicheza pamoja, "tuk tuk", beringi za ekseli ya kati zimekwisha. Ikicheza moja peke yake, rudi Hatua ya 4.

Beringi hizi mara nyingi ni za kawaida, zenye namba iliyochongwa ubavuni, kama 6004 au 6203. Fundi akizitoa, mwambie akuonyeshe namba. Ya 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje 40, unene 12, iwe imetoka kiwanda gani, na utaipata kwenye duka la beringi bila kuagiza spea ya baiskeli kutoka nje. Omba yenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Ya wazi itaingiliwa na jasho.