Jinsi ya kuomba kumpa ndugu yako figo ukiwa Malindi

Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa huwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili au tatu kwa wiki, kwa muda wa karibu saa nne kila mara. Nyumba yenye mgonjwa kama huyo huishi kwa ratiba ya mashine. Kwa hiyo siku mmoja wa ndugu anaposema, "Mimi nitampa yangu," kila mtu hushusha pumzi. Mwongozo huu ni wa huyo aliyesema. Mgonjwa ana watu wa kumshughulikia. Mtoaji aghalabu huachwa na karatasi zake peke yake.

Kwanza, uamuzi uwe wako

Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo mambo huharibika. Kikao cha ukoo kina namna ya kumteua mtu bila kumtaja. Macho humgeukia kijana asiye na mke wala watoto, au dada anayekaa kwa kaka yake. Mama anamwambia, "Mwanangu, hakuna anayekulazimisha," na kwa jinsi anavyolisema, kijana anajua kwamba amelazimishwa. Figo inayotoka kwa njia hiyo imechukuliwa, haikutolewa.

Ukiona moyo hautaki, omba kuonana na daktari faraghani, umweleze. Kawaida ya timu za upandikizaji ni kuiambia familia kwamba hufai kitabibu, basi, bila kutaja sababu. Na hata ukishatia sahihi, unaweza kughairi mpaka siku ya upasuaji. Usimwonee haya mtu.

Kwa Waislamu wenye wasiwasi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililoko Jeddah lilipitisha mwaka 1988 kwamba inajuzu mtu kutoa kiungo kumwokoa mwingine, mradi asijidhuru kwa kiasi cha kuvuruga maisha yake mwenyewe, aridhie kwa hiari, na pasiwe na kuuziana. Ukitaka ufafanuzi zaidi, kaa na shehe unayemwamini kabla ya vipimo kuanza. Maswali hayo yakija usiku wa kuamkia upasuaji, hayana tena nafasi ya kujibiwa kwa utulivu.

Pili, vipimo vya hapa hapa

Usipande basi la Nairobi kabla ya kujua kundi lako la damu. Wa kundi O anaweza kumpa yeyote. Wa A humpa A na AB, wa B humpa B na AB, na wa AB humpa AB mwenzake tu. Chanya au hasi haina uzito katika figo. Pima pia presha na sukari. Ukiwa na kisukari au presha isiyotulia, yaelekea utakataliwa huko mbele, na ni nafuu kulijua hilo ukiwa Malindi kuliko baada ya kutumia nauli na wiki za kazi. Lazima pia uwe umetimiza miaka 18.

Tatu, karatasi

Daktari anayemtibu mgonjwa ndiye huandika barua ya rufaa kwenda hospitali iliyoidhinishwa kupandikiza, kama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi au Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Muulize hospitali husika inataka nini hasa, kisha andaa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu inayoeleza uhusiano wenu, na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili. Mume na mke waongeze cheti cha ndoa.

Kwetu pwani kikwazo kikubwa ni majina. Kitambulisho cha kaka kinasema Athman, cheti cha dada kimemwandika baba huyo huyo Athumani, na cha mgonjwa kina jina la babu mahali pa jina la baba. Mbele ya karani asiyewajua, ninyi ni watu baki. Tandaza vyeti vyote mezani, linganisha herufi kwa herufi, na tofauti zote ziandikwe ndani ya hati ya kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Fika kwa chifu na mtu mzima anayeujua ukoo wenu, maana barua yake hutegemea ushahidi wa wenyeji. Na hati ya kiapo isome yote kabla ya kuapa, hata kama wakili ana foleni mlangoni.

Nne, vipimo vikubwa

Hivi hufanyika kwenye hospitali ya upandikizaji, na huchukua wiki au miezi. Tishu zako hulinganishwa na za mgonjwa. Damu zenu hukutanishwa maabara kuona kama mwili wake utaipiga vita figo yako. Utapimwa virusi vya ukimwi na homa ya ini, utapigwa picha ya CT ya figo na mishipa yake, na utazungumza na mtaalamu wa saikolojia ukiwa peke yako. Ndugu akitaka kuingia nawe, mwambie asubiri nje.

Kuna pia mkojo wa saa 24, ambao wengi huukosea. Asubuhi ukiamka, mkojo wa kwanza unaumwaga, unaandika saa. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye dumu ulilopewa, pamoja na mkojo wa kwanza wa kesho yake saa ile ile. Dumu likae mahali pa baridi. Ukisahau mara moja ukaenda chooni bila dumu, sema, urudie upya.

Kuhusu pesa

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya maandishi, na inaharamisha kutoza pesa kwa ajili ya kiungo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Atakayekujia na bei, mkimbie. Hata hivyo, kanuni za Shirika la Afya Duniani zinaruhusu mtoaji kurudishiwa gharama za kweli na kipato alichopoteza. Baharia au mwendesha bodaboda atakaa takriban wiki sita bila kubeba kizito, na watoto wake watakula nini? Familia ilipange hilo mapema na kulitaja waziwazi, pamoja na matibabu ya mgonjwa mwenyewe, ambaye atameza dawa za kuzuia mwili kuikataa figo kwa muda wote itakapokuwa ikifanya kazi.

Baada ya upasuaji

Mtoaji kwa kawaida hulazwa siku chache tu. Figo iliyobaki huongezeka nguvu na kufanya sehemu ya kazi ya mwenzake. Mwanamke anayetarajia kuzaa aliseme hilo mapema, tangu vipimo, kwa kuwa hatari ya presha ya mimba, inayoweza kuleta kifafa cha mimba, huongezeka. Kila mwaka pima presha, damu na mkojo. Hospitali ya Malindi inatosha kwa hayo. Na ukienda duka la dawa na maumivu ya mgongo au kichwa, sema una figo moja, ukatae diklofenaki na ibuprofeni mpaka daktari akuruhusu.