Kabla Hujamsindikiza Mgonjwa Kwenye Upasuaji wa Dawa Moto za Tumbo

Ukiambiwa kwamba saratani ya mgonjwa wako imesambaa kwenye utando wa tumbo na kwamba anafaa kufanyiwa HIPEC, yaani upasuaji wa dawa moto za tumbo, usiitikie kabla hujaelewa kwamba jina hilo limebeba kazi mbili. Kwanza daktari hupasua tumbo kuanzia chini ya kifua hadi kinenani, akaondoa kila uvimbe anaouona pamoja na utando na viungo vilivyoshikwa. Kisha, mgonjwa akiwa bado kwenye nusu kaputi, dawa ya saratani iliyopashwa moto hadi nyuzijoto 41 hadi 43 huzungushwa tumboni kwa mirija na pampu kwa dakika 30 hadi 90, halafu hutolewa. Dawa hiyo hupenya milimita chache tu, kwa hiyo haiwezi kufidia uvimbe mkubwa ulioachwa. Nilimsindikiza dada yangu mkubwa, mwenye saratani ya ovari, kutoka Tanga hadi India kwa ajili ya tiba hii, na haya ndiyo ambayo ningependa kuambiwa kabla ya kukata tiketi.

Uliza kwanza saratani hiyo ilianzia wapi, kwa sababu jibu linabadilisha kila kitu. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2018, wanawake 245 wenye saratani ya ovari ya hatua ya tatu, ambao walikuwa wameshapewa mizunguko 3 ya kemo, waligawanywa makundi mawili; waliopewa dawa moto wakati wa upasuaji waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 45.7, na wenzao waliopasuliwa tu miezi 33.9. Wafaransa nao walipowachunguza wagonjwa 265 wa saratani ya utumbo mpana, kuongeza dawa ya saratani iitwayo oksaliplatini, ikiwa moto, kwa dakika 30 hakukurefusha maisha: ilikuwa miezi 41.7 dhidi ya 41.2. Daktari anayekupa ahadi ileile kwa saratani zote mbili, muage kwa heshima ukatafute mwingine.

Uliza pia alama za mgonjwa. Tumbo hugawanywa sehemu 13, na kila sehemu hupewa alama 0 hadi 3 kulingana na ukubwa wa uvimbe, hivyo jumla haivuki 39. Mtake daktari akutajie alama anazokadiria, na akueleze ni hali gani akiikuta ndani atalifunga tumbo bila kuendelea, kwa maana hilo hutokea, na familia isiyojua hudhani imetapeliwa.

Beba vipande vya nta ambamo maabara ya huku nyumbani ilihifadhi kinyama cha uvimbe kilichopimwa, wala si karatasi ya majibu peke yake. Pima moyo na figo mapema. Sigara iachwe leo. Mgonjwa ale mayai, dagaa na maharage hata kama hana hamu, na atembee kila siku. Tafuteni wachangia damu. Muulizeni daktari kama mgonjwa anaweza kuamka akiwa na mfuko wa kinyesi ubavuni, ili asikutane nao kwa mara ya kwanza akiwa peke yake na kioo.

Sasa nakuja kwenye bandama, kiungo kinachosaidia mwili kupambana na vijidudu vilivyoingia kwenye damu, na hapa naomba usome polepole. Saratani ikipanda hadi chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, upande wa kushoto, mara nyingi bandama huondolewa, na picha za CT za dada zilikuwa zimeonyesha uvimbe huko huko. Hakuna aliyetutajia, na sisi hatukuuliza. Tulikaa wiki 3 kwenye chumba cha kupanga tukisubiri vipimo, tukipika ugali kwa unga tuliotoka nao nyumbani, ilhali chanjo za kukinga bakteria wa pneumokoki, meningokoki na Hib zilipaswa kutolewa angalau siku 14 kabla ya kisu. Muda ulikuwepo, ukatupita.

Upasuaji ulichukua saa 11 na ulikwenda vizuri. Wiki ya saba, tukiwa tumesharudi Tanga, dada akapata homa jioni. Nikampa panadol, nikasema ni uchovu wa safari. Alfajiri vidole vyake vilikuwa baridi kama vimetolewa kwenye barafu, na hakunitambua. Daktari kijana wa zamu aliangalia kovu, akaniuliza, "Huyu mama bandama lake lipo?" Nikamjibu, kwa ujinga wa mtu aliyechoka, kwamba kila mtu analo. Akachukua faili la kaki mikononi mwangu, akafunua hadi ukurasa wa tatu, akaweka kidole juu ya neno moja la kitabibu lililobanwa kati ya majina ya dawa: limeondolewa. Nilikuwa nimelibeba faili lile kifuani kutoka India bila kulisoma. Damu ilikutwa na malaria kali, antibayotiki zikaanzishwa papo hapo bila kusubiri majibu mengine, na tukalala wodini siku 9.

Kwa hiyo dai chanjo kabla, na kama haikuwezekana, zitolewe wiki 2 au zaidi baada ya upasuaji. Asiye na bandama, kwetu sisi wa ukanda wa malaria, alale ndani ya chandarua kila usiku, aongee na daktari kuhusu dawa za kinga, na homa yoyote, hata ya saa moja, ipelekwe hospitali usiku huohuo. Hata akiumwa na mbwa, aende. Andika kwenye kadi aiweke kwenye pochi: HANA BANDAMA.

Mengine ni ya kawaida. Usikate tiketi ya kurudi yenye tarehe isiyobadilika. Mkataze shangazi kutuma majani ya kuchemsha, kwa sababu figo zilizopitiwa na sisplatini, dawa ya saratani, hazihitaji mzigo mwingine. Namba ya daktari wa huko iandikwe kwa kalamu kwenye daftari, isiwe ndani ya simu ya mgonjwa tu, maana neno la siri analijua yeye, naye yuko kwenye nusu kaputi.